Raptor au Hilux ya Kazi kwa Mkulima wa Machame?

SWALI: Msomaji wa Machame, mwenye kihamba cha ndizi na kahawa, anauliza: Je, Ford Ranger Raptor itamfaa kuliko Toyota Hilux ya kawaida?

JIBU: Raptor si pambo tupu. Toleo lililozinduliwa mwaka 2022, lenye injini ya petroli ya V6 ya lita 3.0, lina shokapu za Fox na limeinuka milimita 272 kutoka ardhini. Kwenye mashimo na mchanga, hupita kwa kasi na utulivu ambao Hilux haina.

Shida ni mzigo.

Ili Raptor iwe laini, nyuma imefungwa springi za koili badala ya vyuma bapa vya tabaka vinavyobeba uzito kwenye Hilux. Hivyo hubeba takriban kilo 700 au pungufu, abiria wakiwemo. Hilux hukaribia tani 1. Kwa mikungu ya kilo 25, tofauti hiyo ni mikungu kumi na zaidi kila safari ya sokoni Kwa Sadala. Kuvuta nako, Raptor huishia kilo 2,500, wakati Ranger nyingine hufika 3,500.

Upana wa Raptor ni zaidi ya mita 2, na njia za vihambani ni nyembamba. Wakati wa masika, utelezi wa udongo mwekundu hushindwa kwa matairi mazuri, magurudumu manne yanayovuta na dereva mtulivu, si kwa shokapu za Fox.

Kwa kazi ya shamba, msomaji achukue Hilux ya dizeli, na kabla ya kulipa aijaribu ikiwa na mzigo.