Boksi zima la tapu na dai, au chache nzuri?

SWALI: Nimeanzisha karakana ndogo nyumbani, Buhare, Musoma. Natengeneza zaidi pikipiki na injini za mitumbwi. Ninunue boksi la tapu na dai la vipande 40?

JIBU: Liache dukani. Maboksi mengi ya bei chee ni chuma cha kaboni, makali yake hayadumu, na nusu ya saizi hizo hutazigusa. Nunua moja moja, zilizoandikwa HSS: M6, M8 na M10. Hiyo M10 ina mtego. Hesi yake ya kawaida ni ya milimita 1.5, lakini kwenye pikipiki utakutana sana na 1.25, ukilazimisha moja kwenye tundu la nyingine, umeliua. Kwa hiyo kipimo cha hesi, vile vibapa vyenye meno, kinunue kabla ya tapu yoyote.

Biti nazo, za kutoboa tundu kabla ya tapu: milimita 5 kwa M6, 6.8 kwa M8, 8.5 kwa M10 ya 1.5, na 8.8 kwa ile ya 1.25. Tundu likibana, tapu huvunjikia ndani, na kuitoa ni balaa. Zungusha nusu mzunguko, rudisha kidogo mabaki yakatike. Kwenye chuma tia oili. Kwenye aluminiamu, mafuta ya taa.

Dai zisikuumize kichwa. Kazi yake kubwa kwako ni kufufua bolti zilizoharibika, na bolti mpya mara nyingi ni nafuu zaidi.

Ukiletewa baiskeli kuukuu, pima kwanza: nyingi zina hesi za inchi.