Saa Isiyokwenda Sawa: Ipime Kabla ya Kumlipa Fundi

Katika kata ya Mbuchi, wilayani Kibiti, safari ya mashua hufuata maji. Maji yakipwa, vijito vya delta ya Rufiji hubaki matope, na aliyechelewa husubiri yajae tena. Kwa kuwa saa ya maji kujaa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku, msafiri hulazimika kuitegemea saa yake. Wapo wanaovaa saa za kamani za thamani kubwa, walizozinunua kwa akiba ya miaka mingi au kurithi kwa wazazi. Saa ya namna hiyo ikianza kukosea, mwenyewe hugharimia safari ya kwenda mjini kwa fundi, na pengine hulipia kazi isiyohitajika. Somo hili linamwelekeza mlaji jinsi ya kuitambua hitilafu kabla saa haijafunguliwa.

Kosa la kawaida ni lipi?

Siku moja ina sekunde 86,400, na hakuna saa ya kamani isiyokosea hata kidogo. COSC, taasisi ya Uswisi inayotoa vyeti vya usahihi, huruhusu mtambo wa saa ya mkono kuchelewa kwa wastani wa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Saa nyingi zisizo na cheti hicho hukosea zaidi. Kwa hiyo tusiilinganishe saa ya kamani na simu, ambayo hurekebishwa na mtandao.

Kumbukumbu ya siku saba

1. Saa ya kutia ufunguo ijazwe kila siku kwa wakati uleule. Ukihisi ufunguo umekaza, acha, usilazimishe.
2. Siku ya kwanza, saa moja kamili asubuhi, iwekwe sawa na simu. Saa isiachwe karibu na simu, kwani spika ya simu ina sumaku.
3. Kila asubuhi, wakati huohuo, andika tofauti kwa sekunde. Usiirekebishe saa hadi siku saba zitimie.
4. Andika pia ilivyolazwa usiku: kioo juu, au kwa ubavu.

Tuchukue mfano. Baada ya siku saba saa imewahi kwa dakika 2 na sekunde 20, yaani sekunde 140. Gawanya kwa 7: inawahi sekunde 20 kwa siku.

Dalili na maana yake

Kosa likilingana kila siku, mtambo yaelekea ni mzima na unahitaji kurekebishwa mwendo tu. Hiyo ni kazi ndogo kuliko kuufumua na kuusafisha.

Saa ikianza ghafla kuwahi kwa dakika nyingi, shuku sumaku. Kamani nyembamba inayoongoza mwendo hunatana, hufanya kazi kana kwamba imefupishwa, na saa hukimbia. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku humaliza kazi hiyo kwa muda mfupi.

Saa inayojijaza yenyewe ikichelewa au kusimama alfajiri, huenda mkono wa mvaaji hautembei vya kutosha. Ijaze kwa mkono, ikiwa inaruhusu, kisha uipime upya. Ikisimama hata baada ya kujazwa, au kosa likibadilika sana kila siku, huenda mafuta yamekauka au mtambo una uchafu.

Kosa likitofautiana kwa namna saa ilivyolazwa, mweleze fundi. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Kubwa huashiria gurudumu la mizani lenye kasoro au lililopata mshtuko.

Ukiona ukungu ndani ya kioo, usisubiri siku saba. Maji ya chumvi huleta kutu upesi. Usiianike juani wala usiifungue mwenyewe. Ipeleke kwa fundi bila kuchelewa.

Mbele ya fundi na muuzaji

Mwonyeshe fundi kumbukumbu yako na umwulize atafanya nini na kwa bei gani. Makubaliano yaandikwe kabla ya kazi, pamoja na jina la saa na namba yake. Omba urudishiwe vipuri vilivyobadilishwa, na udai risiti. Ukiirudishiwa saa, ipime tena siku saba.

Kwa saa mpya, soma masharti ya dhamana kwanza. Kufunguliwa na fundi asiyeidhinishwa kunaweza kuibatilisha. Aidha, ikiwa saa iliyouzwa kuwa ya kamani ina mshale wa sekunde unaoruka mara moja kila sekunde, mara nyingi hiyo ni saa ya betri. Rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Muuzaji akikataa kukusikiliza, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti, dhamana na kumbukumbu yako ya siku saba. Maneno matupu hubishaniwa. Tarehe na sekunde zilizoandikwa ni vigumu kuzikana.