Hesabu ya Kulinda Mtoto Tumboni

Bwana Yesu alifundisha ya kuwa mtu atakaye kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Serikali nayo hufanya hivyo itakapo kulinda watoto wa inchi yote wasipate ugonjwa wa mama zao.

Tutazame kaswende. Huua mtoto tumboni, na mara nyingi mama hajisikii mgonjwa. Tone la damu ya kidole latosha kuipima. Sindano ya penisilini, ikipigwa siku 30 au zaidi mbele ya kuzaa, humlinda mtoto karibu kila mara. Vitu hivi ni vya bei ndogo. Lakini kuna mshahara wa wauguzi na mafuta ya gari la dawa; na penisilini ikikosekana siku ya kupima, hayo yote yamelipwa bure.

Mwaka wa 2015 Kuba ilikuwa inchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Ulimwenguni kwamba imeshinda UKIMWI na kaswende za kutoka kwa mama hata mtoto.

Nawe, mama, usingoje tumbo liwe kubwa (na wengi wenu mwangoja!). Njoo mara ujuapo una mimba, pamoja na mume wako. Asipotibiwa atakurudishia ugonjwa, na sindano ile imepotea.