Nyumba Inapojiandaa kwa Upasuaji wa Kifafa

Kijitabu hiki ni cha nyumba yenye mtu ambaye kifafa chake kimekataa dawa, na daktari ameshaanza kutaja upasuaji wa ubongo. Neno hilo likishatamkwa, mawazo ya watu hukimbilia kisu, fuvu na fedha. Ila sehemu kubwa ya maandalizi haifanyiki hospitali. Inafanywa na mama, mume, dada au yeyote anayelala chumba kimoja na mgonjwa, kwa sababu huyo ndiye anayeona kifafa kinavyoanza. Mwenye kifafa mara nyingi hakumbuki kitu.

Nani anafikiriwa

Wengi wenye kifafa hawahitaji kupasuliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi watu 70 kati ya 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa vizuri na kupata dawa zinazowafaa. Upasuaji ni kwa baadhi ya waliobaki. Madaktari huita kifafa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa, kwa kipimo cha kutosha na bila kurukwa, zimeshindwa kukizuia.

Hapo kwenye "bila kurukwa" pana jambo. Fenobabitoni ikiadimika zahanati wiki mbili, au kabamazepini ikikatwa nusu ili ifike mwisho wa mwezi, dawa haijashindwa. Haikupewa nafasi. Mwambieni daktari ukweli huo bila aibu, maana kurekebisha dawa ni kazi nyepesi kuliko kufungua kichwa.

Kifafa kinachotibika zaidi kwa upasuaji kwa watu wazima ni kile kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja, usawa wa sikio. Mara nyingi huko ndani kuna kovu kwenye hipokampasi, mahali panapohusika na kumbukumbu. Baadhi ya wenye kovu hilo walipata degedege refu la homa utotoni, wakakaa miaka wakiwa wazima kabisa, kisha kifafa kikaja wakiwa shuleni au ujanani. Kwa hiyo daktari akiuliza habari za homa za utotoni, muulizeni bibi kwanza kabla ya kujibu kwamba hapakuwa na kitu. Kwa wengine chanzo ni uvimbe, jeraha la ajali au kasoro ya kuzaliwa nayo. Vyovyote iwavyo, lazima kipatikane chanzo ambacho kinaweza kuondolewa bila kumpokonya mtu usemi wake au nguvu za mkono wake. Kifafa kinacholipuka ubongo mzima kwa pamoja hakitolewi kwa njia hii.

Si jambo la kujaribia watu. Daktari Victor Horsley alipasua wagonjwa wa kifafa London mwaka 1886. Karibu na kwetu, hospitali ya CURE iliyoko Mbale, mashariki mwa Uganda, imefanya upasuaji wa aina hii, na matokeo ya wagonjwa wake wa mwanzo yalichapishwa mwaka 2009. Utafiti unaotajwa sana ulitoka Kanada mwaka 2001: wagonjwa 80 wenye kifafa cha sehemu hiyo ya panja waligawanywa kwa kura, nusu wapangiwe upasuaji, nusu waendelee na dawa peke yake. Baada ya mwaka mmoja, 58 kati ya kila 100 wa kundi la upasuaji hawakuwa tena na kifafa cha kuwapotezea fahamu. Kwa wa dawa peke yake walikuwa 8 tu. Namba hiyo ya 58 isomeni pande zote mbili: ni wengi, na si wote.

Simu na daftari

Tafuteni daftari moja, liwe la kazi hiyo tu. Kila kifafa kinapompanda, andikeni tarehe, saa, kimechukua dakika ngapi, alikuwa amelala au macho, na kama alikuwa amekosa dawa, usingizi au chakula. Mwanamke aandike na siku zake za hedhi, kwani kwa baadhi yao kifafa huzidi nyakati fulani za mwezi.

Halafu andikeni mwanzo wake, na hapa msiharakishe. Watu wengi huja kliniki na kueleza mwisho: alianguka, akatetemeka, akatoa povu. Mwisho wa vifafa vingi unafanana. Kinachomwonyesha daktari mahali pa kutafuta ni zile sekunde 20 au 30 za kwanza. Je, alisema tumbo linapanda kifuani? Alisikia harufu ambayo ninyi hamkuisikia? Aliacha kula akakodoa macho, akawa anatafuna bila kitu mdomoni, mkono mmoja ukichezea upindo wa kanga huku mwingine umekakamaa? Ni mkono upi? Kichwa kiligeukia wapi? Kilipokwisha, alisema mara moja, au alikaa dakika kadhaa anawaelewa lakini neno halitoki? Hata mkono anaoupeleka puani kujifuta baada ya kuzinduka humpa daktari dokezo la upande.

Simu ya kawaida yenye kamera inafanya kazi hii vizuri kuliko maelezo ya watu watatu. Mmoja amhudumie mgonjwa, mwingine arekodi. Mfunueni blanketi ili mikono na miguu yote ionekane, chukueni na uso, mwiteni jina lake, mwambieni anyanyue mkono, na msizime kamera mpaka aanze kuzungumza sawasawa. Video hiyo ni ya daktari. Isiingie kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Anayehudumia ajue yake: amlaze ubavu, aondoe jiko na vitu vyenye ncha, asimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, asimkandamize. Povu haliambukizi kifafa. Wapo watu wenye makovu makubwa ya moto kwa sababu tu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Kikipita dakika 5 bila kukoma, au kikirudi kabla hajazinduka, mpelekeni hospitali.

Vipimo

Kipimo cha EEG kinasoma umeme wa ubongo. Hakimwingizii mtu umeme wowote, na hilo mwelezeni mapema kwa sababu waya zinazobandikwa kichwani zinatisha. Misuko ifumuliwe, nywele zioshwe na zisipakwe mafuta.

Kwa upasuaji, EEG ya nusu saa kwa kawaida haitoshi. Mgonjwa hulazwa siku kadhaa akiwa na waya kichwani na kamera juu yake, wakisubiri kifafa kije wakione. Wakati mwingine dawa hupunguzwa kwa makusudi ili kije. Hilo hufanyika wodini tu, palipo na wauguzi na sindano ya dharura. Asiwepo ndugu wa kuanza kumpunguzia dawa nyumbani ili "kusaidia kipimo". Msaidizi anayekaa naye abonyeze kengele mara tu aonapo dalili, kisha asisimame kati ya kamera na mgonjwa. Ni kosa la upendo, kumkimbilia na kumkumbatia, lakini linaficha kile kilichowaleta.

MRI ni sumaku kubwa sana. Inapiga kelele, haina maumivu, na mtu hulala kimya muda mrefu. Kila chuma kibaki nje: hereni, vibanio, sidiria yenye waya, mkufu, na hirizi iliyofungwa kwenye kibati. Kama hirizi ina uzito kwake, aiache mkononi mwa mtu anayemwamini. Aliyewekewa vyuma mwilini baada ya ajali aseme kabla ya kuingia.

Pia kuna kipimo cha maswali: kukumbuka hadithi, kutaja majina ya vitu, kuchora. Wengine hukiona cha kitoto na kukichukulia kimzaha. Mwaka 1953, nchini Marekani, kijana Henry Molaison aliondolewa sehemu za ndani za ubongo nyuma ya panja zote mbili ili kutibu kifafa. Vifafa vilipungua, ila kuanzia siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza tena kuhifadhi kumbukumbu mpya za maisha yake. Tangu hapo madaktari hawafanyi hivyo pande zote mbili, na hupima kumbukumbu kabla ya kugusa hata upande mmoja. Kipimo kifanywe kwa lugha anayoiongea vizuri. Kama ni Kisukuma au Kiluo kuliko Kiswahili, semeni.

Baada ya yote haya mnaweza kuambiwa upasuaji haufai. Msitoke mkidhani mmefukuzwa. Picha iliyopatikana inasaidia kuchagua dawa upya, na hilo ni jibu.

Kikao cha familia

Nimeona mara nyingi kikao kinakaa, wazee wanasema, mjomba anayechangia fedha anasema, na mwenye kichwa chake ameketi mlangoni hajaulizwa. Mtu mzima ndiye anayetia sahihi au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Aanze yeye kusema anachotaka na anachoogopa. Mtoto naye aelezwe kwa kadiri ya umri wake, hata kama wanaoamua ni wazazi.

Muulizeni daktari wa upasuaji maswali haya na aliyesoma ayaandike majibu: Mnatoa sehemu ipi? Kwa mtu wa aina yake, nafasi ya kupona ni ngapi kati ya 100? Nini kinaweza kuharibika? Upasuaji wa panja unaweza kupunguza uwezo wa kuona kona ya juu ya upande wa pili. Wengi hawatambui nyumbani, lakini dereva lazima alijue. Ukiwa upande wa lugha, majina ya watu na vitu yanaweza kuwa mazito kuja. Kuvuja damu, maambukizi na kupooza hutokea kwa wachache, na kifo ni nadra mahali penye uzoefu.

Upande wa pili wa mizani, kubaki na kifafa nako kuna hatari: maji, moto, barabara, na kifo cha ghafla, mara nyingi usingizini, ambacho kwa wastani huchukua mtu mzima 1 kati ya 1,000 wenye kifafa kila mwaka, zaidi kwa wale wanaokakamaa na kutetemeka mwili mzima mara kwa mara. Binafsi naona familia nyingi huhesabu hatari ya kisu peke yake, kwa kuwa ya kifafa wameshaizoea.

Gharama ziulizwe kwa maandishi, pamoja na dawa za miezi ya baadaye na malazi ya msaidizi. Bima iulizwe mapema, nayo ijibu kwa maandishi.

Wiki za mwisho

Dawa za kifafa ziendelee kama zilivyo. Kila kingine anachokunywa kitajwe: aspirini, diklofenaki, vidonge vya uzazi wa mpango, mitishamba. Hakuna haja ya kumficha mganga wa kienyeji. Daktari anataka tu kujua kama kuna kitu kitakachoongeza damu kutoka. Anayetumia valproeti anaweza kupimwa damu zaidi kwa sababu hiyo hiyo, ila asiiache mwenyewe. Mwanamke aliyekosa hedhi aseme. Jino bovu, kikohozi au jipu vitibiwe kwanza. Ndugu wawili watatu wawe tayari kuchangia damu.

Kama safari ni ya basi, ondokeni mapema mlale mjini kabla ya siku ya kulazwa, kwani kukesha njiani huamsha kifafa. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililo chini kwenye buti.

Usiku kabla ya upasuaji mgonjwa ataambiwa afunge. Kwa kawaida chakula husimama saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla, lakini fuateni saa mliyopewa wodini. Pana jambo huharibika hapa. Watu husikia "afunge" wakaelewa hata dawa asinywe. Muulizeni nesi jioni ile ile: dozi ya asubuhi anaimezaje? Mara nyingi jibu ni kuimeza kwa funda la maji. Rangi ya kucha itolewe, meno ya bandia yavuliwe, kichwa kioshwe kwa sabuni watakayopewa. Nywele hunyolewa sehemu tu mara nyingi, na wapo wanaoamua kunyoa zote ili ziote sawa.

Atachomwa nusu kaputi na hatasikia kitu. Wachache huamshwa katikati ili waongee huku daktari akilinda sehemu ya lugha. Ubongo wenyewe hauumi ukiguswa, na anayehitajiwa kuamshwa hufundishwa kabla.

Mkirudi

Jicho la upande uliopasuliwa linaweza kuvimba. Kutafuna kutauma wiki kadhaa, kwa kuwa msuli wa taya hupita hapo hapo, hivyo uji, mtori na ndizi laini vitafaa kuliko nyama choma. Atachoka kuliko mlivyotarajia, na huenda akalia bila sababu. Huzuni ikikaa, au akisema hataki kuishi, hiyo ni ya hospitali, tena siku hiyo hiyo. Hospitali pia kwa homa, shingo kukaza, majimaji meupe kutoka kwenye kidonda au puani, kichwa kinachozidi kuuma, kusinzia kusiko kwa kawaida, au mkono kulegea.

Kifafa kimoja katika wiki ya kwanza hakimaanishi upasuaji umeshindwa. Mpigieni daktari, andikeni kwenye daftari. Dawa haziachwi kwa kuwa mwezi umepita salama: nyingi huendelea mwaka mmoja au miwili, kisha hupunguzwa polepole na daktari mwenyewe.

Na ugomvi utakuja. Mtu aliyelindwa miaka 15 atataka kwenda sokoni peke yake, kupika kwenye moto, kufunga mlango wa bafu kwa ndani. Mama atakataa. Kubalianeni mbele ya daktari kwenye kliniki ya kwanza ni lini kila jambo litaruhusiwa. Kuogelea, kupanda juu na kuendesha pikipiki viwe vya mwisho, na kwa pikipiki apimwe macho kwanza.