Dondoo muhimu: Kijani kibichi sebuleni

Nyumba nyingi za Rau, mjini Moshi, zina migomba hadi dirishani, na Msitu wa Rau hauko mbali. Ndiyo maana wapo wanaosema kuongeza kijani ndani ni kuzidisha. Hoja hiyo ina uzito kwa kijani kilichokolea: majani ya nje yameshapunguza mwanga, na ukuta wa namna hiyo huumeza uliobaki. Lakini kijani kibichi chenye umanjano, kile cha jani changa la mgomba linapojikunjua, huurudisha mwanga chumbani. Kipake ukuta mmoja tu, unaotazamana na dirisha. Kuta nyingine na dari zibaki na rangi ya maziwa. Kuta zote nne zikiwa kijani hurushiana rangi, hata nyuso za watu zikapauka.

Usiiamini kadi ya rangi ya dukani, kwani rangi huonekana kali zaidi ikitanda ukuta mzima. Nunua kopo dogo, paka ubao wa mita moja, uutazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Lipu mpya isubiri wiki nne ikauke. Na anayehofia vumbi la kiangazi achague rangi ya mafuta: vumbi lake hufutika kwa kitambaa chenye maji.