Umeme Ukikatika Kazi Haijahifadhiwa

Swali: Niliandika kurasa nne za ripoti ya kikundi chetu, umeme ukakatika. Uliporudi sikukuta hata mstari mmoja. Kazi ilikwenda wapi?

Jibu: Pole sana. Maandishi unayoyaona kwenye skrini hukaa kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. RAM inategemea umeme. Ukikatika, kila kilichomo kinafutika papo hapo. Diski ndiyo inayotunza kazi hata mashine ikizimwa, na hati yako haifiki huko mpaka uihifadhi. Wengi huandika kwanza, jina la faili wakalifikiria mwishoni, na hapo ndipo hasara kubwa hutokea. Nakusihi ugeuze utaratibu huo: fungua ukurasa mtupu, bonyeza Ctrl na S, andika jina linaloeleweka, chagua folda, ndipo uanze sentensi ya kwanza. Kila ukimaliza aya, Ctrl na S tena.

Swali: Lakini Word si hujihifadhi yenyewe?

Jibu: Imani hiyo imewaliza wengi, hasa wanafunzi wanaoandika tasnifu usiku. Word ina vitu viwili vinavyochanganywa. AutoRecover hutunza nakala ya dharura, na isipobadilishwa hufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Umeme ukikatika dakika ya tisa, ulichoandika katika dakika hizo zote huenda usikione tena. AutoSave, ile swichi ya juu kushoto, huhifadhi mfululizo, lakini kwa mwenye Microsoft 365 na kwa hati iliyowekwa OneDrive au SharePoint. Hati iliyo kwenye diski ya kompyuta yako tu hainufaiki nayo.

Kwa hiyo ingia File, kisha Options, kisha Save. Utaona kisanduku chenye namba 10, weka 1. Chini yake kuna kisanduku cha kutunza nakala ya mwisho endapo utafunga bila kuhifadhi. Hakikisha kina alama ya vema. Wanaotumia LibreOffice watakuta mpangilio kama huo kwenye Tools, Options, Load/Save, General.

Swali: Nimefunga hati nikabofya Don't Save kwa bahati mbaya. Je, kuna tumaini?

Jibu: Lipo, ila fanya haraka. Kama hati haikuwa na jina, fungua Word, nenda File, Info, Manage Document, kisha Recover Unsaved Documents. Ukiiona, ifungue na uihifadhi kwa jina jipya palepale. Nakala hizo hazikai muda mrefu.

Swali: Nilifungua barua iliyoambatishwa kwenye baruapepe, nikairekebisha na kuihifadhi. Leo siioni popote.

Jibu: Huenda uliirekebisha ndani ya folda ya muda, ambayo kompyuta huisafisha. Tafuta jina lake kwenye orodha ya Recent ya Word. Siku nyingine pakua kwanza, weka kwenye folda yako, ndipo ufungue.

Swali: Ninunue stabilaiza au UPS?

Jibu: Stabilaiza hurekebisha volteji inayopanda na kushuka. Haina betri, hivyo umeme ukikatika kompyuta inazimika pamoja nayo. UPS ina betri, na hata ndogo hukupa dakika kadhaa za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Usichomeke printa ya leza kwenye upande wa betri, kwa sababu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya UPS nayo huchoka baada ya miaka michache, kwa hiyo ijaribu mara kwa mara.

Mwenye laptopu asijione salama kabla ya kuipima. Nyumba nyingi zina laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani na sasa inaishi kwenye chaja. Ukichomoa waya inazimika. Hiyo haina tofauti na kompyuta ya mezani. Hifadhi kazi zako zote, chomoa chaja, uone. Ikizimika, badilisha betri kabla ya kuanza kazi nyingine kubwa.

Na kama fedha iliyopo inatosha kitu kimoja tu kwa kompyuta ya mezani, nunua UPS.