SOMO LETU: MAJI YA KILIMANJARO NA TAA ZA PEMBA



Huenda mkulima akauliza: Kwa Sadala, mji mdogo wa soko katika Wilaya ya Hai, kando ya barabara ya Moshi na Arusha, watuhusu nini sisi watu wa karafuu? Watuhusu kwa njia ya maji. Mito inayoshuka upande ule wa Kilimanjaro, kama Kikafu, huingia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo Mto Pangani huanza safari ya kwenda baharini. Njiani maji huzungusha mitambo mahali patatu: Nyumba ya Mungu, yenye uwezo wa megawati 8, Hale, megawati 21, na Pangani Mpya, megawati 68, iliyoanza kazi 1995. Nguvu hizo huingia katika gridi ya TANESCO, zikachanganyika na nyingine, na tangu 2010 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga huleta umeme wa gridi hiyo Pemba. Kabla yake Pemba ilitegemea mitambo ya dizeli.

Sasa tutazame jambo lenyewe. Katika nchi kadhaa sheria hulitaka shirika la umeme lipate sehemu fulani katika kila mia ya umeme wake kutoka vyanzo visivyokwisha, yaani maji, jua, upepo na mabaki ya mimea. Nia ni njema, maana dizeli hununuliwa kwa fedha za kigeni, na moshi wake huharibu hewa. Lakini shirika la umma ni mali ya wananchi. Likipata hasara, wananchi ndio walipao. Basi sharti liwe gumu kiasi gani, na liwe na nafasi kiasi gani?

Mkulima wa karafuu anaweza kulijibu swali hili bila kwenda chuoni. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka huu matawi huinama kwa uzito, na mwaka wa pili mti hupumzika. Mtu akitutaka tulete kilo zile zile kila mwaka, pasipo kupungua hata moja, atatufunga bure. Akihesabu misimu mitatu au minne kwa pamoja, atakuwa amehukumu kwa haki. Mto nao ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, maji yakapungua mabwawani, na TANESCO ikalazimika kugawa umeme kwa zamu. Mto hausikii amri ya sheria.

Jimbo la California, Marekani, lilikutana na swali hili mapema. Sheria ya 2011 iliyataka hata mashirika ya umma yafikie sehemu 33 katika mia ifikapo 2020. Sheria ya 2018 ikapandisha kiasi hicho hadi 60 ifikapo 2030. Pamoja na hayo iliwekwa nafasi. Kwanza, hesabu hufanywa kwa kipindi cha miaka kadhaa. Pili, ziada ya kipindi kimoja yaweza kupelekwa kingine. Tatu, bodi ya shirika yaweza kuweka kikomo cha gharama, au kuahirisha kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Nne, mji wa San Francisco, ambao hupata umeme mwingi kutoka mabwawa yake wenyewe, haulazimishwi kununua zaidi ya haja iliyobaki.

Kwetu Tanzania nafasi ya namna nyingine iliwekwa katika bei. Chini ya Sheria ya Umeme ya 2008, EWURA iliweka taratibu za wazalishaji wadogo wasiozidi megawati 10. Katika bei za mwanzo, umeme wa kiangazi, Agosti hadi Novemba, ulilipwa zaidi ya ule wa miezi ya mvua. Hivyo anayezalisha wakati mto umepungua alipata faida. Kusini ya Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa kupata umeme, na kimekuwa kikiiuzia TANESCO ziada. Miwa husagwa wakati wa ukavu. Makapi hufanya kazi wakati maji yamechoka.

Hata hivyo yatupasa kuangalia. Nafasi isiyo na mpaka hugeuka tundu. Shirika lipewalo ruhusa ya kuahirisha kila mara litarudi kwenye dizeli, na gharama itamfikia mtu wa mwisho. Kwa hiyo nafasi njema ina mambo matatu: muda wake una mwisho; sababu zake zimeandikwa kabla ya shida kufika; na hesabu zake husomwa hadharani.

Tena sharti lililowekwa juu ya shirika peke yake haliongezi maji. Wachaga tangu zamani wamechimba mifereji mlimani na kugawana maji kwa zamu, kila mtu na siku yake. Maji hayo hayo yatakiwa na migomba, na mpunga wa tambarare, na mitambo ya Pangani. Msitu wa mlima ukikatwa, au zamu zikivunjwa, hakuna sheria ya mjini itakayowasha taa za Wete.

Maswali ya kuzungumza tawini:

1. Kama ungehesabiwa karafuu zako, ungetaka kipindi cha miaka mingapi, na kwa nini?

2. Ni sababu zipi zinazofaa kulisamehe shirika la umma, na ni zipi ambazo ni visingizio tu?

3. Tunaonufaika na maji ya Kilimanjaro tuna wajibu gani kwa wale wanaoyalinda?